Chujio la sola kwa bwawa la samaki la nyumbani: lipangie usiku

Katikati ya masika niliamka nikakuta sato 23 wanaelea matumbo juu. Maji yenyewe yalikuwa meupe, unaona mpaka sakafu ya bwawa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana wiki nzima nilikuwa nikiwaringia majirani kwamba kwa chujio langu la sola ukitupa shilingi bwawani unaweza kuisoma. Pale bomba linapomwaga maji kulikuwa na wingu jeusi linalonuka yai viza.

Nilichokuwa nimefunga ni kile ambacho karibu kila mtu huanza nacho. Paneli inaendesha pampu moja kwa moja, bila betri, na pampu inasukuma maji kwenye pipa lililojaa kokoto. Mchana mambo yalikuwa safi. Jua likizama pampu inazima, lakini bakteria na kinyesi kilichonasa kwenye kokoto havizimi. Viliendelea kula oksijeni iliyobaki kwenye pipa mpaka ikaisha, na maji ya mle ndani yakaanza kuoza. Asubuhi jua likatoka, pampu ikaamka, ikalimwaga lile pipa lote bwawani, saa ileile ambayo samaki walikuwa tayari wanahema.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia usiku. Ni kwa ajili ya bwawa dogo la saruji au turubai nyuma ya nyumba, kama langu la Kigamboni: urefu mita 2.5, upana mita 2, kina cha maji sentimita 80, yaani lita 4,000. Miongozo mingi ya ufugaji wa samaki iliandikwa kwa mabwawa ya udongo, kama yale ya mita za mraba 300 ambayo serikali ya Kenya ilianza kuwachimbia wakulima mwaka 2009. Bwawa la namna ile lina tope lake na nafasi yake, kwa sehemu kubwa linajisafisha. Beseni la saruji lenye samaki 80 halijisafishi.

Bwawa linadai nini, na saa ngapi

Samaki hutoa amonia, taka yenye sumu, sehemu kubwa kupitia mashavu (matamvua) yake. Kilo moja ya chakula chenye protini asilimia 32 huishia kuwa gramu 30 hivi za amonia ndani ya maji. Bakteria wa kundi la Nitrosomonas huigeuza kuwa nitriti, nayo bado ni sumu. Wengine, kama Nitrospira, huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia na mboga zinaipenda. Chujio lolote linalostahili jina hilo ni nyumba ya hawa bakteria. Kunasa uchafu ni kazi yake ya pili.

Sasa angalia saa. Mchana mwani, ule ukijani wa maji, hutengeneza oksijeni. Kufikia saa 9 alasiri bwawa lina oksijeni ya kutosha hata kama hujafunga chochote. Usiku mwani huohuo unapumua kama samaki, na oksijeni inashuka mpaka inafika chini kabisa kati ya saa 10 na saa 12 alfajiri. Maji ya nyuzi 30, hata yakipigwa upepo vizuri, hayashiki zaidi ya miligramu 7.5 hivi za oksijeni kwa lita. Sato huanza kuteseka zikishuka chini ya 3. Pengo ni dogo. Na paneli yako inafanya kazi saa ambazo bwawa halina shida kubwa, inalala saa ambazo bwawa linaomba msaada.

Amonia nayo ina saa yake, ila ni alasiri. Ukali wake unategemea pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Kwenye maji ya nyuzi 28, pH ikiwa 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. pH ikiwa 8 inafika asilimia 6 au 7. Ikiwa 9, inazidi 40. Maji ya kijani hupandisha pH mchana, ndiyo maana samaki wanaweza kuungua mashavu saa 9 alasiri kwenye bwawa lililokuwa salama saa 2 asubuhi.

Kambale usimtumie kama kipimo. Ana kiungo cha kuvuta hewa ya juu, atakuwa anacheza kwenye maji ambayo sato wameshakufa. Na akikua, sato wadogo ni mboga kwake.

Hatua ya 1: anza na chakula, usianze na paneli

Watu huuliza "paneli ya wati ngapi?" kabla hawajajua wanalisha gramu ngapi. Geuza swali. Samaki 80 wa gramu 250 ni kilo 20. Wanakula kama asilimia 2 ya uzito wao kwa siku, yaani gramu 400. Hiyo ni amonia ya gramu 12 kila siku. Kwenye joto letu, mita moja ya mraba ya uso wa vitu walivyoshikilia bakteria waliokomaa hushughulikia karibu nusu gramu kwa siku ikiwa ina hewa ya kutosha, kwa hiyo unahitaji mita za mraba 24 au zaidi. Pipa la lita 200 lililojazwa vizuri linafika hapo. Ukitaka samaki 150 ongeza pipa, usiongeze matumaini.

Vifaranga chukua wa dume tupu, kutoka mahali panapojulikana: Kingolwira kule Morogoro, Sagana kwa Kenya, Kajjansi kwa Uganda. Wakichanganyika dume na jike watazaana, na hesabu yote hii inakuwa ya uongo ndani ya miezi michache.

Hatua ya 2: chagua chujio la matone

Chujio la kuzamisha, kama lile lililoniulia samaki, linafaa pale umeme unapokuwepo saa 24. Kwa sola chagua chujio la matone: maji yanamwagwa juu, yanatiririka kwenye vitu vilivyojaa pipa, yanadondoka bwawani kupitia chini iliyo wazi. Pipa halijai maji hata siku moja. Pampu ikizima, vile vitu vinabaki vimelowa na hewa inapita katikati yake, bakteria wanakaa na njaa lakini wanapumua. Asubuhi hakuna maji yaliyooza ya kurudi bwawani. Faida ya pili ni kwamba kila tone linaposhuka linachukua oksijeni, kwa hiyo chujio ni kipuliza hewa pia.

Gharama yake ni kwamba lazima uinue maji juu, na kila sentimita ya kuinua unailipa kwa wati. Nitarudi hapo.

Hatua ya 3: pipa la kutuamisha

Kabla maji hayajafika kwenye chujio, kinyesi na mabaki ya chakula yaachwe nyuma. Kosa la kawaida ni kutumbukiza pampu sakafuni mwa bwawa. Pampu inasaga kinyesi kuwa uji, na uji haunasi popote.

Kwangu kuta za bwawa zimepanda sentimita 60 juu ya ardhi, na maji yanaishia sentimita 50 juu ya ardhi. Pembeni nimesimamisha pipa la bluu la lita 200, lile la plastiki linalobebea mafuta ya kula au sabuni. Uliza lilibeba nini. Likiwa lilibeba dawa ya shamba au kemikali usilinunue hata likiwa la bure. Bomba la nchi 3 linatoka karibu na sakafu ya bwawa, linapenya ukutani na kuingia kwenye pipa katikati ya kina cha maji, likiwa na kona inayoelekeza maji yazunguke polepole kufuata ukuta wa pipa. Maji ya bwawa na ya pipa yanakuwa usawa mmoja yenyewe. Uchafu unazunguka, unachoka, unakaa chini. Chini kabisa kuna koki ya nchi moja na nusu.

Pampu inakaa ndani ya pipa hili, imening'inizwa sentimita 25 chini ya uso wa maji, ndani ya ndoo ndogo yenye matundu iliyovikwa sponji. Kina hicho nimekichagua kwa makusudi. Bomba la juu likipasuka usiku au likichomoka, pampu itamwaga maji mpaka usawa wake, kisha itavuta hewa. Utapoteza theluthi ya bwawa, lakini samaki watabaki na sentimita 55 za maji. Pampu iliyo sakafuni ingewaacha kwenye saruji kavu.

Kama bwawa lako ni la turubai, kutoboa kunatisha, na kunastahili kutisha. Tumia kiunganishi cha tangi chenye mipira pande zote mbili, fundi bomba yeyote anacho. Ukiogopa kabisa, pitisha bomba juu ya ukingo kama mpira wa kunyonyea mafuta. Ila likiingiza hewa linakatika, utalifufua kila mara.

Funika pipa kwa wavu wa dirishani. Maji yaliyotulia bila samaki ni hospitali ya uzazi ya mbu, na Dar es Salaam ilishaonja dengi mwaka 2014 na tena 2019.

Hatua ya 4: mnara wa matone

Pipa la pili la lita 200 linakaa juu ya mbao mbili nzito zilizolala kwenye kona ya bwawa. Toboa chini yake matundu mengi ya milimita 10 mpaka lifanane na chekeche, na safu moja ya matundu ubavuni karibu na chini ili hewa iingie. Ndani tandika wavu mgumu wa plastiki, kisha jaza.

Ujaze nini? Kwangu ni vizibo vya plastiki vya chupa za maji na soda, vikichanganywa na vipande vya sentimita 3 vya lile bomba lenye mikunjo ambalo mafundi umeme hupitishia nyaya ukutani. Vizibo vya pipa zima ni magunia, anza kukusanya miezi mapema. Watoto wa mtaa wangu walinimalizia kazi kwa malipo ya kashata. Vipande vya nyavu kuukuu za uvuvi vilivyooshwa vinafaa pia. Arusha, Moshi na Mbeya mna mawe mepesi ya volkano yenye matundu, hayo ni mazuri kuliko vizibo. Kokoto za kawaida ziache: pipa likijaa linafika kilo 300, mbao zako hazitakubali. Na usitumie bati, waya wa zinki wala shaba mahali popote maji yanapopita. Zinki na shaba ni sumu kwa samaki hata kwa kiasi kidogo.

Katikati ya vizibo ninaweka mfuko wa wavu wenye kilo 5 za maganda ya chaza yaliyosagwa vipande. Bakteria wakifanya kazi yao hutia asidi, pH inashuka taratibu, na ikishuka sana wanagoma. Maganda yanayeyuka kidogo kidogo na kuirudisha. Yaokote ufukweni yakiwa tayari yamekufa. Matumbawe ya baharini yaacheni baharini. Asiye na pwani atumie chokaa ya kilimo. Ile chokaa ya kupaka ukuta ni kitu kingine kabisa, itarusha pH juu kwa saa moja na amonia yote itageuka sumu.

Juu ya pipa weka beseni lenye matundu madogo ili maji yatawanyike kote. Maji yakishuka kwenye mstari mmoja, robo tatu ya vizibo vitabaki vikavu na hesabu ya mita 24 imekufa.

Hatua ya 5: pampu

Kutoka usawa wa maji mpaka beseni ni mita 1.1. Ongeza ukinzani wa bomba na kona, sema mita 1.4. Lengo ni lita 2,000 kwa saa, yaani bwawa zima lipite kwenye chujio kila saa mbili.

Hapa ndipo watu wanapopigwa dukani. Boksi linasema "lita 4,000 kwa saa", lakini hizo ni lita bila kuinua chochote. Tafuta namba ya pili, kimo cha juu kabisa ambacho pampu inafika. Kwa makadirio, pampu ya lita 4,000 inayofika mita 4 itakupa kama lita 2,600 kwenye mita 1.4. Pampu ya lita hizohizo inayofika mita 2 itakupa 1,200 tu. Maboksi yanafanana, bei inafanana, mmoja anafuga samaki na mwingine anafuga chemchemi ya mapambo.

Chukua ya volti 12 isiyo na brashi, wati 30 hadi 40. Bomba liwe la nchi moja au zaidi. Kuokoa elfu mbili kwa kununua la nusu nchi kutakunyang'anya nusu ya maji. Na kwa vyovyote usitumbukize pampu ya umeme wa nyumbani wa volti 230 kwenye maji ambayo watoto huchovya mikono.

Hatua ya 6: umeme wa mchana, umeme wa usiku

Gawa matumizi mawili.

Mchana, pampu ya wati 35 kwa saa 8: wati-saa 280.

Usiku, kwanza pampu ya hewa ya wati 8 yenye mawe mawili ya hewa (vijiwe vyenye vitundu vinavyotoa mapovu), saa 13: wati-saa 104. Hii ndiyo roho ya mfumo. Kisha pampu ya maji kwa taima, dakika 15 kila saa, kulowesha vizibo: kama wati-saa 114. Jumla ya usiku ni 218.

Siku nzima ni karibu wati-saa 500. Pwani yetu jua la nguvu kamili tunaweza kulihesabu saa 4.5 kwa siku, na joto, vumbi, nyaya na betri hula kama asilimia 30. Gawanya 500 kwa 4.5, kisha kwa 0.7, unapata wati 159. Nunua 200, kwa sababu masika yapo.

Betri ya lithiamu ya chuma na fosfati, volti 12.8 na ampea-saa 30, inabeba wati-saa 384. Ukitumia asilimia 80 unapata 307. Usiku unapita, na kesho yenye wingu unaweza kuivuka ukizima pampu ya maji usiku. Betri ya asidi haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo hesabu yake inakupeleka ampea-saa 60 na kuendelea. Kwangu iliishi miaka miwili, na ya lithiamu bado inadunda. Betri kuukuu ya gari usijidanganye nayo. Imetengenezwa kuwasha injini mara moja kwa nguvu, haijatengenezwa kutoa kidogo kidogo usiku kucha.

Huna hela ya yote? Acha betri kubwa. Pampu ya maji ifanye kazi mchana tu, chujio la matone litavumilia, na betri ndogo ya lithiamu ya ampea-saa 12 ihudumie pampu ya hewa peke yake. Kabla ya kulala mwaga ndoo mbili za maji ya bwawa kwenye beseni. Niliendesha hivyo miezi saba, sikupoteza samaki kwa kukosa hewa. Ningepewa kuchagua kati ya paneli kubwa bila betri na paneli ndogo yenye kibetri, ningechukua ya pili bila kufikiri.

Mambo ya kufunga, kwa kifupi lakini usiyaruke:

Usifunge pampu ya volti 12 moja kwa moja kwenye paneli inayoitwa "ya volti 12". Paneli hiyo inatoa volti 17 au 18 ikifanya kazi, na 21 au zaidi ikiwa haina mzigo. Pitia kontrola, kile kisanduku kinachodhibiti umeme wa paneli. Unganisha betri kwenye kontrola kwanza, halafu paneli, halafu mizigo; ukifungua anza kinyume. Weka fyuzi ya ampea 10 karibu kabisa na betri. Kutoka kontrola mpaka bwawani, kama ni mita 10, tumia waya wa milimita za mraba 2.5: kwa ampea 3 unapoteza kama volti 0.4. Waya mwembamba wa taa utakula zaidi ya volti moja na pampu itakuwa inasinzia.

Pampu ya hewa ikae juu ya usawa wa maji, au weka kivalvu cha njia moja kwenye mpira wake. Ikizima ikiwa chini, maji yatapanda mpira na kuingia ndani yake, na hiyo pampu umeizika.

Paneli: Dar es Salaam tuko kusini mwa Ikweta kwa nyuzi karibu 7, hivyo ielekee kaskazini ikiwa na mteremko wa nyuzi 10 hadi 15, mvua ioshe vumbi. Kampala na Nairobi mko karibu na Ikweta, mwelekeo hauna uzito, mteremko wa kuoshea vumbi tu unatosha. Iweke juu ya paa ikiwa na fremu ya chuma iliyochomelewa. Paneli ya chini inachukuliwa na watu wanaojua bei yake. Kivuli kiangalie saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, si saa 6 mchana. Tawi moja la mwembe likifunika kona ya paneli umeme unashuka kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe. Mwembe huo acha uwatilie samaki kivuli, theluthi ya bwawa ikiwa na kivuli mwani unapungua.

Hatua ya 7: wiki sita za kwanza

Bwawa jipya la saruji lijaze, liache siku nne, limwage, mara tatu. Saruji mbichi inatoa chokaa inayochoma samaki.

Maji ya bomba yana klorini, ambayo kazi yake ni kuua bakteria, wakiwemo wale unaowaalika. Yaache kwenye tangi wazi siku mbili, ukiwa na pampu ya hewa ndani siku moja inatosha. Maji ya kisima yenye chumvi kidogo, kama ya mitaa mingi ya Kigamboni, sato hana shida nayo.

Washa kila kitu, kisha weka samaki 20 tu kati ya 80. Chujio halina bakteria bado. Watakuja wenyewe, lakini huchukua wiki 4 hadi 6. Ndoo ya vizibo kutoka kwenye chujio la rafiki ambaye samaki wake ni wazima inafupisha safari hiyo. Lisha nusu. Nunua kipimo cha matone cha amonia na nitriti, ni kichupa kidogo lakini kitakuokoa. Utaona amonia inapanda, kisha inashuka na nitriti inapanda, kisha nayo inashuka. Nitriti ikipanda, samaki wanahema hata kama hewa ipo, kwa sababu damu yao imekuwa ya kahawia na haibebi oksijeni. Weka chumvi ya kawaida, kilo moja kwa kila lita 1,000, iyeyushe kwenye ndoo kwanza. Klorini iliyomo kwenye chumvi haifanani na ile ya bomba. Hii inazuia nitriti isiingie mashavuni. Vipimo vyote viwili vikisoma karibu sifuri kwa wiki nzima, ongeza samaki waliobaki kwa mafungu.

Usitarajie maji meupe. Bakteria hawali mwani. Maji ya kijani kidogo ni maji mazuri. Chovya mkono mpaka kiwiko: kiganja kikipotea kabla kiwiko hakijalowa, kijani kimezidi, punguza chakula na ongeza kivuli.

Kuishi nalo

Lisha saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, kiasi kinachokwisha kwa dakika 10. Siku ya mawingu mazito toa nusu au usitoe kabisa. Samaki hafi kwa kulala njaa siku moja. Usilishe usiku hata wageni wakitaka kuwaona.

Kila siku mbili fungua koki ya pipa la kutuamisha kwa nusu dakika, mpaka maji ya kahawia yageuke meupe. Elekeza kwenye matembele na mchicha. Mimi matembele siyanunui tena, jirani wa kushoto pia hayanunui. Kama umeweka chumvi, maji hayo usiyapeleke bustanini mpaka utakapobadilisha maji ya bwawa.

Sponji ya pampu ioshe kila wiki kwenye ndoo ya maji ya bwawa, kamwe si kwenye bomba. Vizibo usivioshe. Ule utelezi wa kahawia ndio wafanyakazi wako. Mjomba wangu alinifanyia hisani ya kuviosha kwa sabuni nikiwa safarini, na nikaanza wiki sita upya.

Paneli ifutwe kila wiki mbili wakati wa kiangazi, alfajiri ikiwa ya baridi, kwa maji na kitambaa.

Na mara moja kwa wiki amka saa 11 alfajiri na tochi. Usiangalie maji saa 4 ukiwa na kikombe cha chai, saa hizo kila bwawa linapendeza. Samaki wakiwa chini wametulia, usiku wako unatosha. Wakiwa wamepanga midomo juu wanahema, usiku haukutosha: samaki wamezidi, mawe ya hewa yameziba, au betri imekata kabla ya alfajiri. Soma volti ya betri pale kwenye kontrola kabla jua halijaigusa. Saa hiyo ndiyo inasema kweli.

Ukikuta wanahema, chota maji kwa ndoo uyamwage kutoka kimo cha kifua, tena na tena, mpaka wengine nyumbani waamke. Badilisha robo ya maji kwa maji yaliyokaa tangini. Usilishe siku hiyo. Ndoo mia ni kama nusu saa ya kazi, na jua likishachomoza mwani utakupokea.